Teflon ya kufungia robine na mshipa wa bandia wa dialisisi: ni kitu kimoja kweli?

#1 Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi
Yambo bandugu. Mimi ninauza vifaa vya maji karibu na soko la Kenya. Kila siku ninauza ule utepe mweupe wa teflon ambao mafundi wanazungushia kwenye nyuzi za robine ili maji yasivuje. Juzi nimempeleka mama mdogo wangu hospitali. Figo zake zimechoka, anataka kuanza dialisisi, yaani damu isafishwe na mashine, na mishipa ya mikono yake ni myembamba sana. Docta akasema watamwekea mshipa wa bandia. Akatuonyesha kipande chake: mrija mweupe, mwepesi, unapinda bila kuvunjika. Nikauliza ni kitu gani, akajibu kwa neno moja: Teflon.

Nikashangaa. Ile ninayouza mimi, sifa yake ni kwamba haishikani na kitu. Mwili wa mtu utaishikaje? Mimi nadhani mwili unaikubali kwa sababu ni laini tu, damu inateleza inapita. Lakini mama mdogo ana hofu, na ananiuliza mimi kwa kuwa ndimi ninayekaa na teflon dukani. Wenye ujuzi mtusaidie, kwa Kiswahili ambacho nitaweza kumrudishia jioni.

#2 Fundi wa Pampu, Likasi
Pole kwa mama mdogo. Kwa asili yake ni kitu kimoja, inaitwa PTFE. Mimi natengeneza pampu za asidi ya salfuriki, ile inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye udongo. Chuma cha kawaida kinaliwa, mpira unaliwa, ila pampu iliyopakwa PTFE kwa ndani unaifungua baada ya mwaka na unaikuta nyeupe vilevile. Kama asidi ile haiiwezi, damu itaiwezaje? Kwa hiyo mimi sikubali jambo la ulaini. Sababu ni kwamba hailiki.

#3 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Fundi amegusa nusu. Molekuli ya PTFE ni mnyororo mrefu wa kaboni, na kila kaboni imebeba florini mbili. Kifungo cha kaboni na florini kina nguvu ya kilojuli 485 hivi kwa moli. Katika vifungo vya mkono mmoja ambavyo kaboni hufunga, hakuna chenye nguvu kukishinda. Tena florini ni nene kuliko haidrojeni, kwa hiyo zinaufunika mnyororo pande zote kama maganda yanavyofunika muhindi. Kitu cha nje hakipati nafasi ya kuifikia kaboni. Ndiyo maana inastahimili joto la nyuzi 260 siku zote za kazi, na haiyeyuki mpaka 327.

Lakini kitu kutoliwa hakimaanishi kwamba mwili umekikubali. Kioo pia hakiliwi na damu, na damu inaganda juu ya kioo vizuri kabisa.

#4 Kakaango, Lubumbashi
Hii Teflon si ile NASA waliitengeneza kwa ajili ya kwenda mwezini? Baadaye ikabaki wakaifanya masufuria, na masufuria yenyewe yanaleta saratani. Leo mnataka kuiweka kwenye mkono wa mama wa watu. Mimi ningekataa.

#5 Papa Ruashi, Lubumbashi
Kakaango, mwanangu, punguza mwendo. Watu walikanyaga mwezi mwaka 1969. Teflon iligunduliwa tarehe 6 Aprili 1938, na NASA yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Aliyeigundua ni mkemia kijana, Roy Plunkett, katika maabara ya kampuni ya DuPont kule New Jersey. Alikuwa anatafuta gesi mpya ya friji. Asubuhi ile wakafungua mtungi, gesi haikutoka, na kwenye mizani mtungi ulikuwa mzito vilevile. Wakaukata kwa msumeno, wakakuta unga mweupe wa kuteleza. Gesi ilikuwa imejishikanisha yenyewe humo ndani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi wa Katanga tungepaswa kulijua kuliko wengine wote. Kazi kubwa ya kwanza ya unga ule ilikuwa vita, siyo jikoni. Wamarekani walipotaka kutenganisha uraniamu ya bomu, waliigeuza kuwa gesi ya uraniamu heksafloridi. Gesi ile inakula karibu kila kitu, na PTFE ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyoweza kuziba maungio ya mitambo kule Oak Ridge, Tennessee. Na uraniamu ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu, jirani na Likasi. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alikuwa amesafirisha tani zaidi ya elfu moja tangu 1940 na kuziweka ghala la Staten Island, New York. Mawe yetu na utepe anaouza kijana wa Kamalondo vilikutana kwenye mtambo mmoja kabla baba yangu hajaoa. Kila nikiona ule utepe mweupe ninawakumbuka waliochimba kwa mikono, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

#6 Kakaango, Lubumbashi
Papa, nimekubali juu ya NASA. Juu ya saratani bado, nitarudi.

#7 Docta wa Kadutu, Bukavu
Jambo kwenu wote. Nafanya kazi upande wa upasuaji, nina neno kwa mleta uzi. Mrija uliouona ni PTFE, lakini imevutwa. Utepe wako nao umevutwa kidogo, uuangalie vizuri: ukiuvuta zaidi unakuwa mweupe na kama nyuzinyuzi. Mshipa wa bandia umevutwa kwa ustadi mpaka ndani yake pamejaa vinundu vilivyounganishwa na nyuzi ndogo mno, na katikati ni hewa. Umbali wa kinundu hadi kinundu ni mikromita 30 hivi. Chembe za mwili zinaingia kwenye nafasi hizo, zinajenga nyama, mrija unakaa. Haukugandishwa kama kwa gundi, umeotewa.

Kwa hiyo, Mwana wa Kamalondo, ulaini sio sababu. Mrija wa PTFE usio na matundu, laini kama kioo, ungekaa mle ndani na mwili ungeuzungushia ukuta kama mgeni asiyetakiwa. Nikiulizwa mimi, siri iko kwenye matundu.

#8 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Docta, matundu tu? Mbona mirija iliyofumwa kwa poliesta nayo ina matundu, na kwenye mishipa ya saizi ya mkono madaktari wengi bado wanachagua PTFE? Kuna watafiti wanaosema jibu liko kwenye protini. Sekunde za kwanza damu inapogusa kitu kigeni, protini zinatangulia kukipaka, na chembe za damu zinakuja kusoma zile protini. Juu ya PTFE zinajipaka kwa namna nyingine. Kuna wanaotaja pia kwamba uso wake una chaji hasi, nazo chembe zinazogandisha damu zina chaji hasi, basi zinasukumana. Mimi sijaona maelezo moja yaliyoyafukuza mengine.

#9 Mjukuu wa Kasapa, Lubumbashi
Swali la mtoto wa shule: kama haishikani na kitu, imeshikaje kwenye kikaango?

#10 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Swali zuri kuliko unavyofikiri. Mfaransa Marc Grégoire alilifungua miaka ya 1950, na kampuni ya Tefal ikaanza 1956. Alumini inaliwa kwanza kwa asidi mpaka uso wake unajaa vishimo. PTFE inashindiliwa humo, inapashwa moto, inanasa kwenye vishimo kama mzizi kwenye ufa wa ukuta. Viwandani kuna njia nyingine: unapaka dawa yenye sodiamu, inang'oa florini za juu, uso unakuwa wa kahawia, na hapo gundi inashika.

Na kwa kuwa umejiita mjukuu: mjusi kafiri anayetembea darini kichwa chini anashindwa kwenye Teflon kavu. Vidole vyake vinategemea mvuto mdogo kati ya molekuli na molekuli, na PTFE haina mvuto wa kumpa.

#11 Mjukuu wa Kasapa, Lubumbashi
Basi nikapake ukuta mzima wa chumba changu.

#12 Binti wa Birere, Goma
Mnaongea florini florini, mimi nina uchungu nayo. Huku kwetu, hasa upande wa Rusayo, watoto wana meno ya madoa ya kahawia kwa sababu ya florini ya maji ya mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo. Mdogo wangu anaficha mdomo akicheka. Kama florini ya maji inaharibu meno na mifupa, kwa nini mrija uliojaa florini usimwage sumu ileile kwenye damu ya huyo mama?

#13 Mwana Volkano, Goma
Binti, ndugu yako mkubwa anakuelewa, nimekulia huko huko. Ila ni vitu viwili. Moshi wa Nyiragongo umebeba haidrojeni floridi. Ikikutana na mvua inakuwa floridi iliyo huru ndani ya maji, na hiyo ndiyo inaingia kwenye meno ya mtoto yanapokua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na matangi ya mvua ya upande ule yanaweza kukipita. Florini ya PTFE imefungwa kwa kile kifungo alichoeleza Mwalimu (#3). Haiachii ikiwa kwenye joto la mwili. Ni kama chumvi: ndani yake kuna klorini, na klorini peke yake ni gesi ya kuua, lakini tunaipika kila siku.

Tena PTFE ndiyo inatusaidia kuupima moshi wenyewe. Wanaochukua sampuli za gesi ya volkano wanatumia chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye sodiamu haidroksidi ndani, na vali yake ni ya PTFE. Vali ya chuma ingeliwa na zile asidi.

#14 Fundi wa Pampu, Likasi
Hata maabara za kupima mawe hapa Katanga ni hivyo hivyo. Ukitaka kujua jiwe lina kobalti kiasi gani mpaka chembe ya mwisho, unaliyeyusha lote, na silika haiyeyuki bila asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo inakula kioo, kwa hiyo chombo ni cha PTFE. Vijana wanaofanya kazi hiyo, tafadhali: jeli ya kalsiamu glukonati, dawa ya kupaka mtu akiungua na asidi hiyo, iwe mezani kabla hamjafungua chupa. Asidi ile haichomi mara moja kama ya salfuriki. Inazama kimya mpaka mfupani.

#15 Docta wa Kadutu, Bukavu
Nimshukuru Fundi kwa hilo, ni kweli kabisa.

Nirudi kwenye mada, maana nisingependa watu watoke hapa wakidhani PTFE ni rafiki wa mwili kila mahali. John Charnley, Mwingereza aliyefungua njia ya nyonga za bandia, aliitumia miaka ya 1950 kutengenezea kikombe cha nyonga. Alijiambia: inateleza kuliko zote, itakuwa kama gegedu, ile tishu ya kuteleza kwenye maungio ya mifupa. Wagonjwa kama 300 waliwekewa. Ndani ya miaka michache vikombe vikalika, unga wake ukatapakaa kwenye nyama, mwili ukawaka kwa uvimbe, na ikabidi wafunguliwe tena. Akajiwekea mwenyewe PTFE kwenye paja ili aone, ikamfanyia vinundu. Mwishoni mwa 1962 akahamia polithini, na hiyo ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo kitu kilekile, mkononi kinaotewa na nyama, nyongani kinaleta uvimbe.

#16 Fundi wa Pampu, Likasi
Docta, hapo sishangai hata kidogo, ungeniuliza mimi ningekuambia! PTFE ikibanwa inatembea. Unafunga gasketi leo, bolti zimekaza, wiki ijayo zimelegea kwa sababu gasketi imejisukuma pembeni kama unga wa bukari unapoukandamiza na kidole. Sisi huwa tunakaza tena baada ya siku moja, au tunachukua ile iliyochanganywa na unga wa kioo, kaboni au shaba nyeusi. Kikombe cha nyonga kinabeba uzito wa mtu mzima kwa kila hatua. Kilikandamizwa kikatembea.

#17 Docta wa Kadutu, Bukavu
Kutembea kulikuwepo, sibishi. Lakini kilichowaumiza wagonjwa ni unga. Kipande kikubwa cha PTFE mwili unakiacha. Chembe ndogo ambazo seli inaweza kuzimeza zinaamsha vita, na seli ikishameza haiwezi kuzisaga kwa sababu ya kile kile kifungo mnachokisifu.

#18 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Na kwa nini inatoa unga? Kwa sababu hiyohiyo ya kuteleza. Minyororo yake ni mirefu, imenyooka, haishikani kwa nguvu. Ukiisugua inaacha utando mwembamba juu ya kitu cha pili, kisha PTFE inateleza juu ya PTFE. Kila mteremko ni kipande kimetoka. Huwezi kupata ule mtelezo bila kulipa kwa unga.

#19 Sifa wa Labo, Bukavu
Wote mnazungumza PTFE utadhani ndiyo peke yake. Ukoo wa polima zenye florini ni mkubwa. Mimi kwenye maabara nashinda na PVDF, ambayo kila kaboni ya pili imebeba haidrojeni badala ya florini. Tunatumia utando wake kunasa protini kutoka kwenye jeli. Mwezi wa kwanza wa kazi nilipoteza siku tatu: utando ulikuwa mkavu, unakataa maji, protini hazihami, nami nikilaumu dawa. Dada mmoja mkubwa akaniuliza, "Umeulowesha na methanoli kwanza?" Sikuwa nimelowesha. Sekunde chache za methanoli, utando ukageuka kutoka mweupe kuwa wa kuona ng'ambo, kazi ikaenda.

Na PVDF ina ajabu yake. Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai alionyesha kwamba ukiivuta na kuipitisha kwenye umeme mkali, inabaki na tabia ya kutoa umeme kila inapobanwa. Utando wake ukiubandika kwenye kifundo cha mkono unasoma mapigo ya moyo. Vifaa vya kusikilizia sauti ndani ya maji, vinavyopimia kama mashine ya ekografi inatoa nguvu sahihi, vinatengenezwa nayo kwa sababu sauti inapita ndani yake karibu kama inavyopita kwenye maji. Watafiti wanaisokota kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanapandisha juu yake chembe za neva au za mfupa, wakitumaini kwamba ule umeme mdogo wa kubanwa utaziamsha zikue. Mimi hiyo ndiyo ninaitamani kusomea.

#20 Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi
Asanti sana kwenu. Sikujua utepe wangu una ndugu wengi hivi. Mama mdogo nimemsomea #7 na #13, akaniambia nisome tena ya kuotewa na nyama.

#21 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Sifa, umenikumbusha. PVDF hiyo hiyo ndiyo gundi ya ndani ya betri za simu na za magari ya umeme. Unga wenye kobalti unachanganywa na kaboni nyeusi na PVDF kidogo, asilimia chache tu, inapakwa kwenye karatasi ya alumini. Bila PVDF unga ungedondoka. Kwa hiyo kobalti ya Kolwezi inakwenda kulala ndani ya polima ya florini. Papa Ruashi alisema uraniamu, mimi naongeza kobalti.

Na Nafion nayo tusiisahau: ni mnyororo wa aina ya PTFE ulioning'inizwa vikundi vya asidi pembeni. Inapitisha chaji chanya, inazuia chaji hasi. Seli za haidrojeni, zile za kutengeneza umeme, zinaitumia. Watafiti wa vipima-sukari na vya kemikali za ubongo wanapaka nayo ncha ya kipimo ili vitamini C, yenye chaji hasi kwenye damu, isije kuvuruga hesabu.

#22 Papa Ruashi, Lubumbashi
Na yote yanaanza na jiwe la floriti na asidi ya salfuriki, si ndiyo Mwalimu? Asidi tunayo kwa malori. Kinachonisumbua ni kwamba tunatoa malighafi, halafu mrija wa sentimita arobaini unarudi kwetu kwa bei ya kuuza shamba. Vijana wa Polytechnique mfikirie hilo usiku.

#23 Kakaango, Lubumbashi
Nimerudi kama nilivyoahidi. Nimesoma. PFOA, kemikali ya Teflon, mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Mnasemaje?

#24 Sifa wa Labo, Bukavu
Ni kweli, na ni vizuri umelileta. Lakini PFOA siyo Teflon. Ilikuwa sabuni ya kiwandani inayosaidia kutengeneza polima, nayo ni molekuli ndogo inayotembea kwenye maji na kukaa kwenye damu kwa miaka. Walioumia sana ni majirani wa kiwanda cha Parkersburg, West Virginia, waliokunywa maji yenye PFOA. Mkataba wa Stockholm uliiorodhesha 2019 ili iondolewe. Mnyororo mrefu wa PTFE hauingii kwenye seli na hautembei hivyo.

#25 Kakaango, Lubumbashi
Basi kwa nini Ulaya wanataka kufungia ukoo mzima? Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway walileta pendekezo 2023, na polima zimo.

#26 Mwalimu wa Kemia, Lubumbashi
Kwa sababu hoja yao inatazama maisha yote ya kitu: kinatengenezwaje, kinaishia wapi kikitupwa, kinachomwa katika moto wa namna gani. Kitu kisichokufa hakiachi kuwepo. Wenye hospitali na wenye betri wanaomba wapewe nafasi kwa sababu hawana mbadala. Mimi hapo niko katikati kweli: sufuria tunaweza kuacha, mshipa wa huyu mama hatuwezi.

#27 Mke wa Soda, Lubumbashi
Mimi ni mama wa nyumbani, mume wangu ni mchomeleaji, wateja wanamwita Papa Soda. Mkisema moto, nisikilizeni. Mwaka juzi alipewa kazi ya kukata matiyo ya zamani ya kiwandani kwa moto wa gesi. Ndani yalikuwa yamepakwa kitu cheupe, hakuna aliyewaambia ni nini. Usiku akaja anatetemeka, homa, kifua kimebana, viungo vinauma. Tukasema ni palu, kama kawaida. Wenzake wawili nao, usiku uleule. Kipimo cha malaria kikasema hapana, dawa tukampa vilevile. Kesho yake jioni akaamka mzima, anauliza chakula. Mpaka leo sikujua ilikuwa nini. Ni hiyo?

#28 Docta wa Kadutu, Bukavu
Mama, pole sana. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini ulivyoeleza ndivyo ilivyo homa ya moshi wa polima: inakuja saa chache baada ya kuvuta moshi, inafanana na malaria au mafua makali, inaondoka ndani ya siku moja au mbili. Watu watatu wa kazi moja, usiku mmoja, kipimo hakioni malaria: ni alama kubwa. Moshi ukiwa mwingi unaweza kujaza mapafu maji, na hapo siyo homa ya kulala nyumbani. Ndege wa kufugwa jikoni wanakufa hata kwa moshi wa kikaango kilichosahauliwa motoni.

Mwambie pia: mikono yenye unga wa PTFE isishike sigara. Unga unaungua kwenye ncha ya sigara na mtu anavuta moshi wenyewe.

#29 Fundi wa Pampu, Likasi
Mama, mwambie Papa Soda: tiyo lenye kitu cheupe au cha kuteleza ndani linakatwa kwa msumeno, haliguswi na moto. Mwenye kazi akikataa kwa sababu ya haraka, aache hiyo kazi. Nimeliandika hili nikiwa na hasira, maana waliompa walijua.

#30 Mwana Volkano, Goma
Nirekebishe kidogo habari ya kuvutwa. Watu wanaposimulia PTFE iliyovutwa wanamtaja Bob Gore, Mmarekani, mwaka 1969: alikuwa anaivuta polepole inakatika, akaivuta kwa ghafla ikarefuka. Sawa. Ila John Cropper wa New Zealand alikuwa ameshatengeneza mashine ya kuivuta miaka michache kabla, akaifanya siri ya biashara, na hiyo ikaja kuwa kesi mahakamani Marekani.

#31 Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi
Ndugu zangu, mama mdogo amewekewa Alhamisi. Mrija wa milimita 6, umepindishwa kama herufi U chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Wamesema wangoje wiki mbili au tatu ndipo wauchome sindano ya mashine. Amelala vizuri. Sasa wameniambia jambo lililonitia wasiwasi: kwamba mirija hii inaziba baada ya muda, hasa upande unapoungana na mshipa wa kurudisha damu. Kama ni kitu kisicholiwa na kisichoshikwa, kinazibaje?

#32 Docta wa Kadutu, Bukavu
Tunashukuru Mungu. Kweli huziba, na ndiyo sababu mishipa ya mtu mwenyewe ikiwa mizuri tunaiunganisha hiyo kwanza. Haizibi kwa kuchafuka kama tiyo. Ukuta wa mshipa wenyewe, pale kwenye maungio, unanenepa kwa ndani. Mimi naona ni mwendo wa damu: inatoka kwa kasi ya mshipa mkubwa, inaupiga mshipa mwembamba usiozoea, na ukuta unajibu kwa kuota.

#33 Fundi wa Pampu, Likasi
Kwa pampu ningesema ni maungio ya kitu kigumu na kitu laini. Mrija haupanuki kila pigo la moyo, mshipa unapanuka. Pale vinapokutana ndipo panapochoka. Tiyo la plastiki linaloungana na la chuma linapasuka palepale siku zote.

#34 Sifa wa Labo, Bukavu
Na wengine wanasema bado ni uso wa kitu: chembe zinazogandisha damu zinakaa pale kidogo kidogo na kutoa vichocheo vinavyoamsha ukuta. Ndiyo maana kuna mirija iliyopandishwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ndani. Kama Docta angekuwa sahihi peke yake, heparini isingekuwa na maana.

#35 Docta wa Kadutu, Bukavu
Sifa, na kama wewe ungekuwa sahihi peke yako, mirija yenye heparini isingeziba. Nayo inaziba.

Mwana wa Kamalondo, hayo tutabishana sisi. Wewe fanya hili: asubuhi na jioni mama aweke vidole juu ya mrija. Asikie mtetemo. Siku hausikiki, msingoje kesho, nendeni siku hiyohiyo. Mkono huo usipimwe presha, usichukuliwe damu na mtu yeyote, usilaliwe, usibebe ndoo.

#36 Mwana wa Kamalondo, Lubumbashi
Nimeweka mkono sasa hivi, mama mdogo mwenyewe ameniita. Unatetemeka kama paka anapolala. Ameniambia niwasalimie wote, na Papa Soda pia.

#37 Fundi wa Pampu, Likasi
Salamu zimefika. Aliye na shiti ya PTFE ya milimita 3 iliyochanganywa na unga wa kioo, hapa Likasi au Lubumbashi, aniandikie. Ile nyeupe tupu ninayo, sihitaji.